Kata na Birika: Kuendesha Seva za Java Hapa Lamu

Assalaam alaykum warahmatullah. Wazee wetu, walimu, dada na kaka zangu, na nyinyi vijana mlioketi nyuma karibu na dirisha: sogeeni mbele, kipaza sauti hiki hakifiki huko.

Nimeombwa nizungumzie kazi niliyoifanya kwa miaka mingi, ya kusimika na kutunza seva zinazoendesha programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java. Wengi wenu Java mmeijua darasani, mkaiandika, mkafanya mtihani, mkafaulu. Leo nataka tuzungumze yanayofuata baada ya programu kwisha kuandikwa. Imefungwa katika faili moja la WAR, sasa inataka pa kukaa, ili karani wa mapokezi, muuguzi na mhasibu waifungue kwa kivinjari wote kwa pamoja, tangu asubuhi mpaka usiku. Hapo pa kukaa ndipo tunapopaita seva ya programu. Ndiyo inayopokea maombi, inayogawa kazi kwa nyuzi zake, yaani wafanyakazi wake wa ndani, inayoshika miunganisho ya hifadhidata na kulinda milango. Kuisimika ni kazi ya siku moja. Kukaa nayo ni kazi ya miaka, na hiyo ndiyo iliyonileta hapa.

Historia nitaipita mbio. Java ilitangazwa na Sun Microsystems mwaka 1995. Mwaka 1999 Sun waliwakabidhi shirika la Apache msimbo uliokuja kuwa Tomcat, seva tutakayoizungumzia sana leo, na mwisho wa mwaka huohuo zikatoka kanuni za J2EE, zile zilizoeleza seva kubwa ya programu iweje. Kwenye ukoo huo wamo WebSphere ya IBM, WebLogic, GlassFish, na JBoss ambayo siku hizi inaitwa WildFly. Ukiniuliza mimi, kazi nyingi za huku kwetu Tomcat inazitosha. Usibebe mzigo wa jahazi kama safari yako ni ya kuvuka kwenda Manda.

Na tusidhani jambo hili ni la benki za Nairobi tu. Kuna programu ya kumbukumbu za wagonjwa iitwayo OpenMRS. Ilianzishwa mwaka 2004, Regenstrief Institute ya Marekani ikiwa miongoni mwa waanzilishi, na ikaanza kutumika Eldoret mwaka 2006. KenyaEMR, ya kumbukumbu za wagonjwa hapa Kenya, imejengwa juu yake. Kuna DHIS2, iliyotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Kenya imeitumia nchi nzima tangu 2011 kukusanya takwimu za afya. Zote mbili ni Java, na kwa kawaida hukaa ndani ya Tomcat. Mtoto akichanjwa Faza au Kizingitini, hesabu yake huishia ndani ya programu ya Java iliyo kwenye seva fulani, inayotunzwa na mtu fulani. Kwa nini mtu huyo asiwe mmoja wenu?

Sasa nataka niwaeleze jambo moja kwa urefu, kwa sababu nimeona ndilo linalowasumbua watu kuliko yote.

Nani hapa hajaona birika la msikiti? Maji yamo, na kando yake kuna kata. Tuseme kata ni kumi. Anayekuja huchukua kata, huteka, hutawadha, hurudisha. Watu mia watatawadha kabla ya adhuhuri kwa kata hizo kumi bila kugombana, mradi kila mmoja arudishe. Akitokea mtu akaondoka na kata mkononi, zitabaki tisa. Wa pili akifanya vivyo hivyo, nane. Maji bado yamejaa tele, lakini foleni imefika mlangoni na watu wamesimama mikono mikavu.

Ndivyo seva inavyozungumza na hifadhidata. Kufungua muunganisho mpya kwa kila swali ni kazi nzito, kwa hiyo seva hufungua michache mapema na kuiweka tayari. Programu huazima mmoja, huuliza swali lake, hurudisha. Aliyeandika programu akisahau kurudisha, hasa pale hitilafu inapotokea katikati na msimbo wa kufunga ukarukwa, kata imepotea. Seva haitakwambia siku hiyo. Itakwambia baada ya siku tatu, saa za msongamano, kwa skrini inayozunguka bila jibu. Ukitazama hifadhidata, imetulia. Ukitazama prosesa, imetulia. Na watu hamsini wanangoja.

Hapo fundi mgeni hufanya kosa ambalo nami nililifanya: huongeza kata. Kutoka kumi hadi hamsini, kutoka hamsini hadi mia tano. Lakini hifadhidata ya MySQL, isipoguswa, hukubali miunganisho 151 tu, na programu inayopoteza kata itazipoteza zote, uweke kumi au mia. Mtafute anayeondoka nazo. Kwenye mipangilio ya Tomcat JDBC, ndilo birika la miunganisho la Tomcat, kuna removeAbandoned, inayozirudisha kwa nguvu zilizokaa nje mno, na logAbandoned, inayoandika ni mstari upi wa msimbo uliozichukua. Mkimpelekea mwandishi wa programu mstari huo, hatakuwa na la kubisha.

Kuna ugonjwa wa pili wa birika hilohilo, na huu nitausimulia kama nilivyoukuta.

Niliitwa kwenye kituo kimoja cha afya, sikitaji jina, kwa shughuli ya printa. Nilipokuwa nimepiga magoti chini ya meza, mama wa mapokezi akaniambia, “Mwanangu, na hii mashine nyingine je? Haimuamkii mtu wa kwanza.” Nikamuuliza maana yake. Akanieleza kwamba kila asubuhi anayefungua programu mwanzo hupata ukurasa wa hitilafu. Akibonyeza tena, hitilafu. Mara ya tano au ya sita, inafunguka, na kutwa nzima haina neno. Wamekwisha kuzoea. Askari wa usiku, kabla ya kukabidhi zamu, huketi akaifungua na kuifungua mpaka “iamke”, ili wauguzi wakija waikute tayari. Mtu huyo alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa uaminifu karibu mwaka mzima.

Nikauliza, “Kila siku?” Akafikiri. “Kila siku. Ila wakijifungua kina mama wengi usiku, asubuhi yake huwa shwari.”

Jamani, neno hilo moja lilikuwa na jibu lote ndani yake. Wakijifungua wengi, muuguzi wa wodi ya wazazi anaandika usiku kucha, na miunganisho inatumika. Usiku ukiwa mtulivu, hakuna anayeigusa. Nikafungua logi, faili ambamo seva huandika yanayoipata. Ilikuwa imeandika “Communications link failure”, na chini yake ikasema kwamba pakiti ya mwisho kutoka hifadhidata ilipokelewa milisekunde milioni 54 zilizopita. Gawanyeni: ni saa kumi na tano. Mapokezi hufunga saa kumi na moja jioni, hufungua saa mbili asubuhi. Saa kumi na tano kamili.

MySQL ina mpangilio uitwao wait_timeout. Usipoubadilisha ni sekunde 28,800, yaani saa nane. Muunganisho ukikaa saa nane bila kuulizwa kitu, hifadhidata huukata upande wake. Seva haina habari. Asubuhi inamkabidhi mtu wa kwanza kata iliyotoboka, na ya pili imetoboka, na ya tatu, mpaka mbovu zote ziishe na mpya zifunguliwe. Dawa yake ni mistari miwili: testOnBorrow iwashwe, na validationQuery iwe SELECT 1, ili seva iikague kata kabla ya kumpa mtu. Kuandika kulichukua dakika tano pamoja na kuwasha upya.

Kesho yake nikaenda kabla ya saa mbili, nikaketi pale mapokezi. Nilikuwa nimemwomba askari asiiguse. Mama akabonyeza mara moja, ikafunguka. Akabonyeza tena kwa mazoea. Kisha akanigeukia: “Imekubali.” Mpaka leo sijapata malipo ya kazi yaliyonifurahisha kuliko neno hilo.

Lakini nilirudi nyumbani na uchungu. Aliyeisimika seva ile alikuja, akaiwasha, akaondoka, hakuacha hata karatasi moja. Na watu waliokuwa na jibu walikuwa pale siku zote, hakuna aliyewauliza. Kwa hiyo mkiitwa kwenye seva, kabla hamjafungua kompyuta yenu, ketini na karani. Muulizeni lini inaharibika na lini haiharibiki. Hilo la pili ni muhimu kuliko la kwanza.

Mkimuuliza saa, angalieni jambo hili. Yeye atasema “saa mbili.” Saa ya ukutani itasema 08:00. Logi ya seva, kama imeachwa kwenye saa za UTC, yaani saa za kimataifa, itasema 05:00. Majibu matatu, na yote ni sahihi. Nimeona vijana hodari wakipekua logi za 02:00 usiku kutafuta kosa la saa mbili asubuhi, wakatoka mikono mitupu wakasema karani hajui asemalo. Karani alijua. Sisi hatubadilishi saa kwa majira, kwa hiyo tofauti yetu na UTC ni saa tatu mwaka mzima, haiongezeki wala haipungui. Iandikeni kwenye karatasi, ibandikeni pale.

Nije kwenye kumbukumbu ya mashine. Java hutenga eneo lake, tunaliita hipu, na humo huweka kila kitu inachokifanyia kazi: mgonjwa uliyemfungua, orodha uliyoitafuta, ripoti inayoandaliwa. Visivyohitajika tena huondolewa na mfagiaji wake wa ndani. Mmeona samaki wadogo wanaowekwa birikani wale viluwiluwi vya mbu? Kazi yao ni hiyohiyo. Ila samaki hali kitu kilichoshikwa mkononi. Programu ikiendelea kushika vitu isivyovihitaji, mfagiaji hana ruhusa ya kuvigusa, hipu inajaa, na seva inatumia nguvu zake zote kufagia pasipofagilika. Mtumiaji anaona kila kitu kizito, kisha kimya, kisha hitilafu ya OutOfMemoryError, yaani kumbukumbu imeisha.

Ukubwa wa hipu huwekwa kwa kigezo cha -Xmx. Usipouweka, Java huchukua robo ya kumbukumbu ya mashine: kwenye mashine ya gigabaiti 8, ni 2. Wengi huona ni kidogo, wakaandika 7. Msifanye hivyo. Hipu si mwili wote wa Java. Kila uzi una rafu yake ya kumbukumbu, kwa kawaida megabaiti moja kwenye mfumo endeshi wa Linux, na Tomcat isipobadilishwa huruhusu nyuzi 200. Madarasa ya programu, yaani vipande vya msimbo wake, yana eneo lao pia. Na kama MySQL inaishi nyumba hiyohiyo, nayo inataka kula. Kumbukumbu ikiisha, Linux yenyewe huchagua wa kuuawa, na mara nyingi humchagua mnene kuliko wote, ambaye ni Java. Atauawa bila kuandika hata neno moja kwenye catalina.out, faili la logi la Tomcat. Mkikuta seva imekufa na logi iko kimya kabisa, tazameni logi ya mfumo wenyewe kwa amri ya dmesg. Mimi kwenye mashine kama hiyo, pamoja na hifadhidata, huanza na gigabaiti 3, nikaangalia wiki mbili.

Washeni pia HeapDumpOnOutOfMemoryError, ili hipu ikijaa picha yake ibaki kwenye diski kwa uchunguzi. Lakini nawasihi: picha hiyo ina kila kilichokuwamo. Ina majina ya wagonjwa na majibu ya vipimo vyao. Nimeona faili kama hilo likirushwa kwenye kundi la WhatsApp ili “wenye ujuzi waangalie.” Huu ni mji mdogo. Siri ya mtu ikitoka asubuhi, alasiri imefika Shela. Faili hilo lihifadhiwe kama mnavyohifadhi faili la mgonjwa mwenyewe, na likimaliza kazi lifutwe.

Kuhusu hewa yetu, maneno machache. Chumvi hula. Seva isiwekwe kwenye chumba cha dirisha linaloelekea bahari hata kama ndicho chenye upepo mzuri. Umeme utakatika, hilo tulipange kama jambo la kawaida. Betri ya akiba iwepo, na systemd, inayowasha huduma za Linux, iagizwe kuwasha hifadhidata kwanza, kisha Tomcat, bila kungoja mtu aje. Nawasihi pia muitazame catalina.out, kwa sababu Tomcat yenyewe hailikati faili hilo. Linakua, linakua, mpaka diski imejaa na hifadhidata haiwezi kuandika. Nimekuta moja lenye gigabaiti 60. Programu ya Logrotate, inayokata mafaili ya logi, italimaliza tatizo hilo kwa mistari sita.

Sasa milango. Tomcat isiendeshwe kwa mamlaka ya root, mtumiaji mwenye haki zote; ipeni mtumiaji wake mwenyewe, asiye na haki ya kitu kingine. Poti 8080, mlango wa kawaida wa Tomcat, isikae wazi kwa dunia: wekeni mbele Nginx, seva ya wavuti, yenye cheti cha usalama, yeye apokee kwenye 443 na apeleke ndani. Ukurasa wa kusimamia programu, ule wa manager, kama huutumii uondoeni kabisa. Poti 8009 ilitumika kwa itifaki iitwayo AJP, na Februari 2020 ikagundulika kwamba iliyoachwa wazi iliwaruhusu wageni kusoma mafaili ya ndani. Tangu toleo 9.0.31 imefungwa usipoifungua mwenyewe. Seva za zamani bado zipo huko nje. Kagueni za kwenu.

Na Desemba 2021 ikaja hitilafu ya usalama waliyoiita Log4Shell, iliyopewa alama 10 kati ya 10 kwa ukali, ndani ya Log4j, maktaba ya kuandika logi. Mtu alikuwa anaweza kutuma maandishi tu, programu ikiyaandika kwenye logi, yeye ameingia. Tomcat yenyewe haikuwa inaitumia Log4j hiyo. Ilikuwa imejificha ndani ya mafaili ya WAR ambayo watu waliyaweka wenyewe. Usiku ule waliolala ni wale waliokuwa na orodha ya maktaba zote zilizomo ndani ya programu zao. Mimi sikuwa nayo. Nilizifungua moja moja mpaka alfajiri.

Jambo moja juu ya matoleo, maana najua mnapenda kipya. Kanuni za Java EE zilihamia Eclipse Foundation zikaitwa Jakarta EE, na majina ya ndani yaliyoanza kwa javax yakawa jakarta. Tomcat 9 inajua javax, Tomcat 10 inajua jakarta. Ukiihamisha programu ya zamani kutoka 9 hadi 10 kwa kuivuta tu, itakataa. Ipo folda ya webapps-javaee ambayo Tomcat 10 huitumia kugeuza programu za zamani, na mara nyingi inafaulu. Ijaribuni kwenye mashine ya majaribio, kamwe si kwenye ile inayotumika.

Nimalizie kwa daftari, na hapa nataka mnisikilize kuliko kote.

Mafundi wa Matondoni huunda jahazi bila mchoro. Watu husema elimu yote imo kichwani mwa fundi. Nimekaa nao, si kweli. Imo pia kwenye mikono ya kijana anayemshikia keekee, anayetwanga kalafati kando yake mwaka baada ya mwaka. Fundi akiugua, kazi haisimami. Sisi wa seva tumechukua ile sehemu ya kutochora, tukaiacha ile ya kuwa na kijana kando. Kila seva niliyoikuta imekufa hapa, aliyeijua alikuwa mmoja, na hakuwepo.

Basi kila seva iwe na daftari. La karatasi, kwa sababu seva ikifa maelezo yaliyo ndani yake yamekufa nayo. Andikeni toleo la Java, la Tomcat na la hifadhidata. Andikeni faili la mipangilio liko wapi, na kila mlichobadilisha, tarehe, na kwa nini. Hilo “kwa nini” ndilo linalosahaulika. Ukikuta -Xmx3g bila sababu, utaibadilisha. Ukikuta imeandikwa “ilikuwa 7, Linux ikaiua mara tatu mwezi wa Ramadhani”, utaiacha. Andikeni nakala rudufu inakwenda wapi, na siku ya mwisho mliyoijaribu kuirudisha, maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa hujui kama ni nakala. Nywila zisiandikwe humo. Ziwe kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya kasha la mkuu wa kituo, na yeyote atakayeifungua atie sahihi.

Jumamosi saa nne asubuhi nitakuwa na seva ya majaribio hapahapa, na daftari lake mezani. Nitachomoa waya wa umeme mbele yenu, kisha nitatoka nje nikanywe kahawa kule Mkunguni, simu nimeizima. Mwalimu atachagua mmoja wenu ambaye hajawahi kuigusa mashine ile. Akiirudisha kwa daftari peke yake, vizuri. Akikwama, aandike alipokwamia, na nikirudi tutaurekebisha ukurasa huo.